Kulala ndani ya trela ya farasi Nanyuki mwezi wa Julai: nitie joto vipi bila kujiua?

SaisiWaBamburi (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wadau. Nina farasi wawili, wale mnaowapita ufuoni Bamburi jioni wakibeba watoto wa wageni. Julai nimealikwa niwapeleke bara, shamba moja nje kidogo ya Nanyuki, siku nne. Kuna mashindano madogo ya kuruka viunzi, na mwenye shamba ataka kumtazama yule jike, huenda akamnunua. Trela yangu ni ya farasi wawili, ya chuma, mkono wa pili. Mbele ina kichumba cha kuwekea matandiko. Nimevitoa vyuma vyote nikatia godoro, na hapo ndipo tutakapolala mimi na mpwa wangu. Hoteli sina uwezo nayo, na farasi siwaachi usiku na watu nisiowajua.

Shida ni baridi. Mimi nimezaliwa Majengo, nikakulia Kisauni. Kwetu usiku wa Julai ukifika nyuzi 21 watu watafuta sweta. Naambiwa kule hushuka chini ya 10, na trela ni bati tupu. Sasa kijana mmoja anayenisaidia, mtu wa bara, aniambia nisihangaike: niwashe jiko la makaa nje, yakishika na moshi ukaisha niliingize ndani, nifunge mlango, tulale unono. Na farasi wakae upande wa pili wapate joto hilo hilo.

Ni sawa? Au kuna njia nyengine? Mfuko wangu si mrefu.


KichwaNgumu_Likoni

Farasi wa Bamburi Nanyuki? Yakhe, hao watakudai sweta na chai ya tangawizi kabla hamjafika Mtito Andei.


NesiWaZamu

Kaka, jiko USIINGIZE. Naomba usome hadi mwisho.

Kabla ya kurudi Pwani nilifanya kazi wodi ya dharura huko Nyandarua, hospitali siitaji. Kila Juni na Julai tulikuwa tukiletewa watu wa jiko. Familia nzima wakati mwengine. Si waliochomeka, la. Walilala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi jirani akabisha mlango kukawa kimya. Hewa inayoua yaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo damu yako yazunguka imejaa kitu kisicho na faida na mwili wakosa pumzi ilhali kifua kinapanda na kushuka.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Mtu wa Mombasa atasema ni malaria au ni uchovu wa safari, ajifunike vizuri alale. Hapo ndipo yaisha habari yake, kwa sababu aliyelala hazisikii dalili.

Na kuna jambo ambalo hata wahudumu wengine huwapotosha: kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha damu iliyoshikwa na hewa hiyo na damu nzuri. Nimemwona mgonjwa hajitambui na kidude chasoma 98. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwanza, halafu hospitali akapewe oksijeni. Hewa ya kawaida huchukua saa nne au tano kuipunguza sumu hiyo nusu tu.


BintiMjiWaKale

Da Nesi sikukatalii, lakini mimi nauliza swali la kweli. Sisi tumekua na makaa ndani ya nyumba. Chetezo kila Ijumaa, udi na ubani, bi harusi afukizwa, mzazi afukizwa siku arubaini. Nyanyangu alikuwa na seredani yake ukumbini, apikia kahawa hapo hapo. Mbona hatukufa?


NesiWaZamu

Swali zuri mamangu. Chetezo ni vipande viwili vitatu vya makaa, dakika kumi, watu wako macho wanaingia na kutoka. Na nyumba zenyewe za Mji wa Kale: dari liko juu, madirisha ya mbao yana nafasi za kupitisha upepo wa bahari, uwanja katikati. Chukua seredani ile ile ya nyanya, itie kwenye sanduku la bati la mita mbili kwa mita moja na nusu, funga mlango, lala kwa muda wa saa nane. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Hata hivyo mzazi akifukizwa dirisha lifunguliwe, hilo nalo nalisema kila siku na mashangazi hawanipendi.


MzeeWaMajiko

Nimefua majiko ya bati na ya udongo pale Mwembe Tayari miaka mingi, kwa hivyo hili la "yakishashika hayana moshi" acha nilijibu mimi.

Moshi na sumu ni vitu viwili. Makaa mabichi yanayofuka moshi yakuwasha macho, wajua utoke. Makaa mekundu, safi, ndiyo yasiyokwambia kitu. Nendeni jioni mkatazame jiko lililoshika vizuri gizani. Mtaona moto mdogo wa buluu wacheza juu ya makaa. Ule moto wa buluu ndio hiyo hewa ya Nesi inayoungua. Hewa huingia kwa mlango wa chini wa jiko, yapanda katikati ya makaa yenye moto mkali, na ikifika juu imeshageuka sumu. Ikikutana na hewa mpya juu yaungua, ndiyo waiona buluu. Moto ule wa buluu ukizimika na makaa bado mekundu, basi sumu yatoka mbichi haijaungua. Na mtu akiyafunika majivu ili yakeshe mpaka asubuhi ndiyo balaa, kwa sababu yapata hewa haba, yaungua nusunusu usiku kucha.

Jiko langu nililiuza kwa kupikia. Sikumuuzia mtu kulalia.


KichwaNgumu_Likoni

Mimi nimesikia ukiweka beseni la maji karibu na jiko, maji yavuta ile sumu. Rafiki yangu wa Ol Kalou hufanya hivyo na yuko hai.


MzeeWaMajiko

Rafiki yako yuko hai kwa sababu mlango wake una mwanya chini. Mshukuru fundi seremala mbaya aliyeutengeneza.


NesiWaZamu

Hewa hiyo haiyeyuki majini kwa kiasi cha kufaa kitu. Beseni litakupa maji ya uvuguvugu ya kunawia uso, ikiwa utaamka.


DaktariKwato

Mimi ni daktari wa mifugo, na farasi ninawatibu. Nimesoma uzi wote nikaona mmeongea habari za watu peke yake, kwa hivyo niseme ya farasi, maana hapo ndipo mwenye uzi amekosea zaidi hata kuliko kwenye jiko.

Farasi wako hawahitaji kutiwa joto. Farasi mzima, mkavu, aliyeshiba, hata mwenye manyoya mafupi kama hao wako wa ufuoni, nyuzi 5 bado hazimsumbui. Ni mnyama wa kilo 400 au 500 ambaye tumboni mwake, kwenye utumbo mkubwa, nyasi zinachachuka usiku kucha na kutoa joto. Kwa hiyo hita ya farasi ni majani makavu. Mpe majani ya kutosha jioni, mengi kuliko alivyozoea Bamburi, aendelee kutafuna hadi usiku wa manane. Nafaka haifanyi kazi hiyo vizuri kama majani.

Kinachomuumiza farasi ni mvua pamoja na upepo, na hewa chafu. Ukiwafungia wawili ndani ya trela na kuziba madirisha "wasipate baridi", wanapumua unyevu mwingi unaoganda kwenye bati na kuwadondokea mgongoni, na mkojo wao unatoa amonia inayochoma mapafu. Asubuhi wanakohoa, nawe unasema wamepigwa na baridi. Hapana, wamepigwa na wewe. Kwa hiyo farasi walale nje kwenye boma lenye kinga ya upepo, au kwenye mabanda ya shamba. Wakilazimika kulala kwenye trela, madirisha ya juu yabaki wazi na matandazo machafu yaondolewe. Na nyinyi msilale trela moja na farasi aliyefungwa ndani. Farasi akishtuka usiku, chumba chako cha mbele hakina pa kukimbilia.

Blanketi la farasi ukilipata, jepesi lisilopitisha maji latosha. Asubuhi pitisha mkono ndani, kifuani na chini ya shingo. Ukikuta jasho, vua. Blanketi lililolowa ni baya kuliko kutovaa.

Maji. Maji yakiwa baridi sana farasi hunywa kidogo, na farasi anayekula majani makavu bila kunywa hupatwa na koliki, yaani maumivu makali ya tumbo. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, tena hilo kabla ya kuhesabu safari. Beba ndoo zako mwenyewe, wengine hukataa ndoo ngeni, na jioni tia maji ya moto kidogo yawe vuguvugu.

Jambo la mwisho, Nanyuki iko kama mita 1,900 juu ya bahari, nao wametoka kwenye mchanga wa ufuo. Siku mbili za kwanza wataona kifua kizito. Fika mapema kuliko siku ya mashindano. Na kibali cha kusafirisha mifugo ukichukue kwa afisa wa mifugo kabla ya kuondoka, usije ukalala kizuizini bure.


SaisiWaBamburi

Daktari ahsante sana. Kusema kweli nilikuwa nimeshanunua karatasi za nailoni za kuziba madirisha ya upande wa farasi. Nimezirudisha. Jiko nalo limetoka kwenye mpango. Sasa turudi kwa binadamu. Nina betri ya gari ya akiba, amperi-saa 100, na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, niliyonunua Biashara Street. Nikitia hita ndogo ya umeme, ile ya feni?


Ampea100

Nimengoja swali hili tangu juzi. Hesabu ya jioni moja:

Betri ya volti 12, amperi-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri ya kawaida ya risasi ukiitumia zaidi ya nusu unaiua, basi una 600. Hita ya feni ni wati 1,500. Gawa. Dakika 24, na ukitoa kinacholiwa na inveta ni kama 20. Ukiiwasha saa tatu usiku, saa tatu na dakika ishirini joto limekwisha, na asubuhi betri imekufa.

Lakini 600 hizo hizo ukizipeleka mahali pengine ni nyingi. Blanketi ya umeme ya volti 12 hula kama wati 50. Saa nane ni 400. Watosheka nyote wawili mkibanana, na inveta huihitaji. Ukitaka rahisi zaidi, chupa ya mpira ya maji moto: lita 2 za maji ya nyuzi 80 zikipoa hadi 35 zimekupa kama wati-saa 100 za joto, moja kwa moja mwilini, bila waya. Chupa mbili kila mtu, moja miguuni moja tumboni. Usitie maji yanayochemka, na ivalishe soksi.

Mantiki ni kuwa tia joto kitanda, usitie joto trela. Trela ya bati haina tofauti na sufuria iliyowekwa kwenye upepo.

Kama shamba lina umeme wa stima karibu, hapo mambo yabadilika. Chukua hita ya mafuta, ile yenye mbavu kama radieta, wati 700 zatosha kichumba chako. Haina moto wala feni wala waya mwekundu. Waya wa kuvutia umeme uwe mnene, wa milimita mraba 2.5, na uufungue wote kutoka kwenye kigurudumu chake. Ukiuacha umeviringwa huku wabeba mzigo usiku kucha wajipika wenyewe. Soketi iwe na ile swichi inayokata umeme ukivuja. Trela ni chuma, ardhi ina umande, na waya mbovu hapo utaishika trela yote.


TajiriWaMtwapa

Mnamtesa bure. Kuna hita za dizeli zatumika kwenye malori ya Ulaya, sasa zaja za bei nafuu. Moto wake uko ndani ya boksi lililofungwa, yavuta hewa yake chini ya gari na kutoa moshi chini ya gari. Ndani wapata hewa ya joto tu. Yala dizeli kidogo mno. Ningekuwa yeye ningefunga hiyo na kumaliza maneno.


Ampea100

Ni kweli ndiyo njia nzuri kwa trela, IKIFUNGWA NA ANAYEJUA. Nimezifungua zilizofungwa na wasiojua. Bomba la ekzosi limeishia chini ya sakafu badala ya kutokeza pembeni, moshi wapanda kwa nyufa za mbao. Kiungio cha bomba kimekazwa na waya. Halafu kwake yeye kuna jambo la pili: huko juu hewa ni nyepesi. Hita iliyopangwa kwa usawa wa bahari ikifika mita 1,900 yapata dizeli nyingi kuliko hewa, yaungua vibaya, yajaa masizi. Nyengine zina mpangilio wa mwinuko, zile za bei rahisi nyingi hazina. Kujaribu Bamburi na kuona iko sawa hakumaanishi kitu.

Na kabla hamjauliza: hita za gesi za mtungi, hata zile zenye kidude cha kuizima hita pindi oksijeni ikipungua, hazipimi sumu, zapima oksijeni. Nazo zamwaga mvuke mwingi ndani. Kutia joto nusu saa mlango ukiwa wazi huku uko macho, sawa. Kulala nayo, hapana. Jiko lile la mtungi wa kilo 6 ni la kupikia nje ya trela, na mtungi wenyewe usilale ndani: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, yaani pale pale lilipo godoro.


TajiriWaMtwapa

Haya, haya. Nilikuwa natoa wazo.


DerevaMasafa

Nimeendesha Mombasa–Malaba na Mombasa–Kampala zaidi ya miaka 20, kulala kwenye gari ndiyo kazi. Nina mambo mawili hayajasemwa.

Kwanza, usiache injini ya gari linalovuta ikinguruma ili upate joto, wala jenereta kando ya trela. Ni hewa ile ile ya Nesi, imetoka kwenye ekzosi badala ya jiko. Jenereta iwe mita sita au zaidi kutoka ulipo, na moshi wake uelekezwe kwengine.

La pili ndilo kubwa. Ule mlango wa chumba cha matandiko wafunguka kwa ndani? Trela nyingi za farasi komeo liko nje peke yake, kwa sababu farasi hafungui mlango. Ukilala humo na mtu akapita akalishusha komeo, kwa utani au kwa wema, umefungwa na nyasi kavu na godoro la sponji. Moto ukishika huna la kufanya. Tafuta fundi akutilie kitasa cha ndani kabla hujavuka Mariakani. Na mtungi mdogo wa kuzimia moto uwe karibu na kichwa chako, si kwenye gari.


SaisiWaBamburi

Wallahi nimetoka kwenda kuangalia sasa hivi na tochi. Komeo liko nje peke yake. Mwaka wa tatu huu nina hii trela.


MmvitaWaLimuru

Mimi ni mtu wa Kibokoni niliyeolewa Limuru, mwaka wa tisa. Mwaka wa kwanza nililia. Sasa nawafundisha wageni kutoka nyumbani, kwa hivyo nisikilize.

Baridi ya bara haitoki juu, yatoka chini. Mtu wa Pwani ajifunika mablanketi matano na chini yake ana kigodoro chembamba juu ya bati. Geuza. Chini ya godoro tia mikeka miwili au mitatu, na katikati yake maboksi ya karatasi uliyoyafungua. Mikeka ya ukindu ni kitu kikubwa, yashika hewa, nami nilichukua yangu kutoka Kongowea na mpaka leo natandika. Matandazo ya mpira ya farasi ukiwa nayo ya ziada, chini kabisa.

Kichwa kivalishe. Kofia ya vito haifai, yapitisha upepo; tafuta ya sufu. Soksi za kulalia ziwe kavu, zisiwe zile ulizoshinda nazo kwenye umande. Ukivaa soksi mbili za kubana miguu yapoa zaidi. Badilisha nguo zote kabla ya kulala hata kama waona ni kavu, jasho la mchana ndilo hukuamsha saa tisa.

Kula usiku. Si chai na mkate. Kula ugali na maharagwe ya nazi, au pilau, kitu cha kukaa tumboni. Daktari amesema farasi apashwa joto na majani yake; na wewe ni vivyo hivyo. Kunywa uji kabla ya kulala, na nenda msalani kabla hujajifunika hata kama husikii haja.

Na usizibe kila tundu. Dirisha la juu liache wazi upana wa vidole viwili au vitatu. Utaona ni wazimu, lakini pumzi za watu wawili usiku kucha kwenye bati zitawanyeshea asubuhi, mablanketi yalowe, na usiku wa pili ndio mtajua baridi.

Leso nyepesi ya pamba shingoni. Hiyo si sayansi, ni ya mamangu.


NesiWaZamu

Naongeza moja tu kisha nirudi zamu. Hata bila jiko, nunua kengele ya kaboni monoksidi. Si ile ya moshi na si ile ya gesi ya kupikia, ni kitu tofauti, soma boksi. Chukua yenye kioo cha tarakimu. Nyingi zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya hulia hivi: ikifika sehemu 50 kwa milioni, baada ya saa moja hadi saa moja na nusu; ikifika 100, baada ya dakika 10 hadi 40; ikifika 300, ndani ya dakika 3. Kwa hivyo namba ikiwa ndogo itakaa kimya muda mrefu, lakini kioo kitakuonyesha. Itundike usawa wa kichwa ulipolala, si sakafuni wala kando ya dirisha. Geuza nyuma usome mwaka wa mwisho, kwa sababu kihisio chake huchakaa hata kama betri ni mpya.


SaisiWaBamburi

Nimeandika yote kwenye daftari. Kitasa cha ndani kimetiwa jana, fundi wa Jomvu. Twaondoka Jumatano alfajiri. Mtuombee.


KichwaNgumu_Likoni

Salimia mlima.


SaisiWaBamburi

(wiki mbili baadaye)

Tumerudi salama, alhamdulillahi. Nilisema nitaleta habari.

Safari ilikuwa siku tatu, sikukimbia. Kila baada ya saa nne nasimama, maji na majani. Usiku wa kwanza Mtito Andei, hapo hakuna baridi, mbu tu. Wa pili pembeni mwa Nairobi, hapo nikaanza kuelewa. Wa tatu ndio Nanyuki, na nilipofungua mlango alfajiri nikauona mlima wenye theluji juu na pumzi yangu mwenyewe mbele ya uso. Mpwa wangu alipiga picha pumzi yake. Picha haikutoka kitu.

Shamba lilikuwa na soketi kwenye ukuta wa banda, mita kama 15. Mwenye shamba alikuwa na hita ya mafuta ya zamani, akanipa. Nikaiwasha saa mbili usiku hadi saa tatu na nusu tukiwa macho tunacheza karata, kisha nikaichomoa tukalala na chupa za maji moto. Mikeka mitatu ya Kongowea, maboksi, mpira chini. Nikwambieni, usiku wa kwanza hapo shambani nilitoa mguu nje ya blanketi kwa joto. Mara ya pili nikasahau kuacha dirisha wazi, na asubuhi dari ilikuwa yadondoka kama bafu la umma. MmvitaWaLimuru, ulisema.

Farasi hawakujali kabisa. Waliwekwa kwenye boma lenye ukuta wa mawe upande mmoja. Usiku wa pili nikatoka saa nane na tochi kuwaangalia, nimevaa kila nguo niliyo nayo pamoja na buibui la marehemu mamangu ambalo hukaa kwenye gari. Jike amesimama nje katikati ya uwanja, mgongo kwa upepo, atafuna. Akanitazama kama mtu anayeuliza una nini wewe. Kifua chao siku ya kwanza kilikuwa kizito kweli, jike akapanda kijimlima kidogo akahema kama aliyetoka Vasco da Gama hadi Mtwapa kwa mbio. Siku ya tatu alikuwa sawa, akaruka viunzi vyote akaangusha kimoja.

Sasa jambo lenyewe. Usiku wa tatu kulinyesha manyunyu. Askari wa shamba, mzee mwema, alikuwa na jiko lake la makaa nje, na mvua ilipoanza akatafuta pa kujikinga. Akalisogeza chini ya ubao wa kupandia farasi, ule wa nyuma, ambao nilikuwa nimeuinua nusu. Sisi tuko mbele tumelala, na tumeacha dirisha wazi vidole vitatu kama tulivyofunzwa. Mimi huamka usiku kwa mazoea ya kuangalia farasi. Nikafungua jicho nikaona kioo cha ile kengele kwenye giza, chaandika 64. Haikulia. Nilipokwenda kulala ilikuwa 0. Nikakaa nikaiangalia nikidhani imeharibika. 66. 71. Hapo nikamburuta mpwa kwa shati tukatoka nje na soksi, mlango ukafunguka kwa ndani, ahsante DerevaMasafa.

Tukazunguka nyuma tukamkuta mzee amekaa juu ya ndoo yangu ajipasha moto mikono. Makaa mekundu safi, moshi hakuna hata kidogo. Kati ya sehemu ya farasi na kichumba chetu kuna ukuta wa mbao, na juu yake kuna nafasi ya mkono. Nilikuwa sijawahi hata kuifikiria nafasi hiyo. Kichwa cha mpwa kilikuwa chamuuma, changu pia kidogo, nami nilidhani ni mwinuko. Tukakaa nje mpaka saa kumi na moja tumejifunika blanketi za farasi, pamoja na mzee, na jiko lake tukalisogeza uwanjani likanyeshewa.

Hakuwa na kosa, sikumlaumu. Alikuwa akilala na jiko hilo kwenye kibanda chake siku zote, kibanda kina mlango wa gunia.


NesiWaZamu

Soma tena ulivyoandika: "nilidhani ni mwinuko". Nashukuru mko hai. Mpwa vipi kichwa?


SaisiWaBamburi

Kiliondoka mchana ule. Nimempeleka kuangaliwa hata hivyo, yuko salama.


MzeeWaMajiko

Na yule askari?


SaisiWaBamburi

Nilimwachia mikeka miwili na chupa mbili za maji moto. Nikamweleza ule moto wa buluu, tukautazama pamoja kwenye jiko lake. Kengele nilitaka kumwachia, lakini mwenye shamba akasema atamnunulia ya kwake. Nimempigia simu juzi, asema ameshaagiza.


BintiMjiWaKale

Na jike aliuzwa?


SaisiWaBamburi

Hakuuzwa. Bei tulikubaliana, kisha usiku ule wa soksi nikakaa naye mpaka alfajiri nikaona siwezi. Yuko Bamburi, jana alibeba watoto wanne.


KichwaNgumu_Likoni

Mkuu, yule rafiki yangu wa Ol Kalou anioza dadake mwezi wa Agosti, twalala kwao siku mbili. Hiyo kengele waiazima?


SaisiWaBamburi

Njoo uichukue. Yatumia betri ndogo mbili, nimezitoa zisivuje, basi zitie na ubonyeze kile kitufe cha kujaribia kabla hujapanda basi. Na ukifika, lile beseni la maji limwage.